Kompyuta Haiamui: Namna Viwanja vya Ndege Vinavyosaidiwa Kufikia Maamuzi

Mama mmoja alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya ukaguzi ya kiwanja cha ndege cha Mtwara, na kapu la ukindu mkononi. Ndani alikuwa na ming'oko, vile viazi pori vya kusini, anayompelekea bintiye Dar es Salaam, na mfuko wa korosho zilizokwisha kubanguliwa. Kapu likaingia kwenye mashine. Mkanda ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena. Kijana aliyekaa kwenye skrini akamwita mwenzake, wakainama wote wawili kutazama.

"Shikamoo mama. Humu umebeba nini?"

"Marahaba mwanangu. Ming'oko hiyo, huijui?"

Kijana, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya mtu wa bara, kweli hakuijua. Kapu likafunguliwa mbele ya mwenyewe, likapekuliwa kwa heshima, likafungwa. Zilipita kama dakika nne, na nyuma yetu foleni ilishafika mlangoni.

Naanza na kapu hilo kwa sababu karibu kila ninachotaka kukieleza kimo ndani ya dakika zile. Mashine iliona kitu, lakini haikusema ni hatari. Ilimwonyesha mtu, naye akabaki na swali: nifungue au nipitishe? Akifungua kila kapu, ndege itachelewa. Akipitisha yote, siku moja atapitisha kisichotakiwa kupita. Mfumo wa kusaidia maamuzi ni chombo chochote kinachomsogezea mtu wa aina hiyo taarifa anazohitaji, kwa wakati, na kumwonyesha kila njia itamgharimu nini. Unaweza kuwa programu ya mabilioni ya shilingi, au ubao mweupe ukutani. Kompyuta ya kutunza kumbukumbu hujibu "jana kulitokea nini". Huu hujibu "sasa nifanye nini".

Kiswahili chetu kinatutega kidogo hapa, kwa kuwa neno "usalama" tunalipa kazi mbili. Ya kwanza ni ndege isianguke, isigongane, isiteleze. Ya pili ni mwenye nia mbaya asipenye. Kwa makala hii ya kwanza nitaiita usalama na ya pili ulinzi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, nalo limezitenga: viwanja vina kitabu cha kanuni kiitwacho Kiambatisho cha 14, na ulinzi una Kiambatisho cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974 baada ya wimbi la utekaji nyara wa ndege. Vitabu ni viwili, lakini kiwanjani wafanyakazi ni wale wale na dakika ni zile zile. Dakika anayoichukua mlinzi hukatwa kwenye ratiba ya rubani. Ndiyo maana mifumo hii haiwezi kufikiriwa kipande kipande.

Skrini ya rangi ya chungwa

Mashine ya eksirei haitambui korosho wala bastola kama tunavyovitambua sisi. Inapima namna miale inavyozuiwa na kitu, kisha inakipaka rangi. Vyenye kaboni nyingi, yaani chakula, nguo, karatasi na plastiki, hutoka rangi ya chungwa. Metali hutoka bluu. Vya katikati hutoka kijani. Shida ni kwamba vilipuzi vingi navyo vimo kwenye kundi la chungwa. Kwa hiyo msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, mkaguzi wa Mtwara ana kazi ngumu kuliko anavyodhani abiria: mizigo ya huku ni chakula kitupu, na chakula kitupu ni chungwa tupu.

Programu za mashine za kisasa humsaidia kwa kuzungushia alama kitu chenye uzito na umbo la kutiliwa shaka. Watu wengi, wakiwemo viongozi wanaotia saini manunuzi, huamini kwamba mashine ikiwa sahihi kwa asilimia 99 basi ikilia ujue kuna jambo. Hesabu inakataa. Chukua mizigo 1,000,000, na useme mmoja tu ndani yake una silaha. Mashine ina nafasi ya asilimia 99 ya kuuona. Lakini ikikosea kwa asilimia 1 tu ya mizigo safi, italia mara 10,000 bure. Kengele 10,001, ya kweli moja. Mkaguzi anayesikia kengele za bure kutwa nzima mwisho hazisikii tena. Hilo si uvivu wake, ni maumbile ya binadamu.

Kuna dawa mbili zinazotumika. Ya kwanza ni programu inayopachika picha bandia ya silaha juu ya mzigo wa kweli, bila mkaguzi kujua itatokea lini. Akibonyeza kitufe, anaambiwa papo hapo kwamba lilikuwa jaribio. Jicho lake linabaki macho, na mkuu wake anapata takwimu za nani anahitaji kupumzika na nani anahitaji mafunzo. Ya pili ni kumbadilisha mtu. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida zinaweka dakika 20 za kutazama skrini mfululizo, kisha apokelewe. Kwa uzoefu wangu wa kusafiri, hii ya pili ndiyo inayovunjwa kwa urahisi zaidi pale watumishi wanapokuwa wachache, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Na iko ya tatu, isiyoandikwa popote: mkaguzi ajue ming'oko. Angekuwepo pale mtoto wa Newala au Tandahimba, kapu lile lingechukua nusu dakika. Mfumo mzuri hujazwa maarifa ya mahali. Picha za ming'oko, za pweza mkavu, za korosho zenye maganda na zilizobanguliwa, zikiwekwa kwenye mafunzo ya wakaguzi wa kusini, ni msaada wa maamuzi kwa maana kamili ya neno.

Foleni haikui kama unavyodhani

Hesabu nyingine inayowapita wengi ni ya foleni. Chukua mashine moja inayopitisha, kwa wastani, abiria mmoja kila nusu dakika, yaani 120 kwa saa. Abiria wakija 96 kwa saa, bila mpangilio maalumu, kanuni rahisi ya foleni inasema kila mmoja atasubiri wastani wa dakika 2. Wakija 114, wameongezeka 18 tu, lakini kusubiri kunaruka hadi dakika 9 na nusu. Mashine haijaharibika, na mkaguzi hajazembea. Kilichotokea ni kwamba mashine inafanya kazi asilimia 95 ya muda badala ya 80, na hakuna tena mwanya wa kufidia kapu moja lililochukua dakika nne.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Njia ya kurukia ya kiwanja cha Mtwara imerefushwa kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800. Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ina viti 76, na Airbus A220-300 ya shirika hilo hilo ina viti 132. Njia ndefu inaleta ndege kubwa, na ndege kubwa inamwaga watu wote kwa pamoja: bajaji zinawashusha ndani ya nusu saa moja, hawaji mmoja mmoja kutwa nzima. Halafu kuna siku ambazo si za kawaida. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Kilwa. Wiki ya namna hiyo ratiba ya zamani haimwambii msimamizi chochote. Anachohitaji ni mfumo unaosoma idadi ya tiketi zilizouzwa na kumwambia saa 2 kabla: leo foleni itakushinda saa 4 asubuhi, fungua njia ya pili au mwite mtu wa zamu ya mchana mapema.

Mlinzi asiyesomeka

Kila mwenye ghala la korosho anajua kwamba mlinzi anayezunguka saa 6 usiku kila siku amempa mwizi ratiba. Viwanja vya ndege vina tatizo hilo hilo: eneo ni kubwa, doria ni chache. Mwaka 2007 kiwanja cha Los Angeles, Marekani, kilianza kutumia programu iitwayo ARMOR, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California wakiongozwa na Milind Tambe, ili kupanga vizuizi vya barabarani na doria za mbwa kwa kubahatisha. Kubahatisha huko kulikuwa na mizani.

Tufanye hesabu ndogo. Una mlinzi mmoja na sehemu mbili: ghala la mafuta na maegesho ya magari. Hasara ikitokea kwenye mafuta ni 3, kwenye magari ni 1. Ukimweka kwenye mafuta siku zote, adui anakwenda kwenye magari. Ukimgawa nusu kwa nusu, adui anachagua mafuta, maana ndipo penye faida kubwa. Mizani inakaa sawa mlinzi akiwa kwenye mafuta asilimia 75 ya muda na kwenye magari asilimia 25, kwa mpangilio usiojulikana hata na yeye mwenyewe hadi asubuhi ya zamu. Hapo adui akitazama wiki nzima hapati pa kushika. Kiambatisho cha 17 nacho kinazitaka nchi ziwe na hatua za ulinzi zisizotabirika.

Kompyuta inapiga hesabu, lakini ile 3 na ile 1 zinatoka kwa watu. Na hapa hakuna kunakili. Mapigano ya Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, yalianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa. Tathmini ya tishio iliyoandikwa kwa ajili ya Arusha haiwezi kubandikwa Mtwara kwa kubadilisha jina la juu. Anayejua uzito wa kila mlango ni anayeishi huku, pamoja na askari na wenyeviti wa mitaa wanaozunguka kiwanja.

Pampu ikikataa saa 12 asubuhi

Tuache ulinzi, tuje kwenye usalama, kwa mfano mmoja nitakaoukalia kwa muda, kwa sababu unaonyesha kazi halisi ya mfumo kuliko skrini zenye ramani za rangi.

Zimamoto ya kiwanja hupangwa kwa madaraja kufuata urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. Ndege aina ya ATR 42 ina urefu wa mita 22.7, daraja la 4. ATR 72 ina mita 27.2, daraja la 5. Q400 ina mita 32.8, daraja la 6. A220-300 ina mita 38.7, nayo imebaki daraja la 6 kwa kupungukiwa sentimita 30 hivi, maana la 7 linaanzia mita 39. Daraja la 5 linataka gari 1 na lita 5,400 za maji kwa povu la kuzimia moto la kiwango cha ubora B. La 6 linataka magari 2 na lita 7,900. Na gari la kwanza linatakiwa kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3.

Sasa tufikirie kiwanja chenye magari 2. Ni saa 12 asubuhi, gari la pili linakaguliwa, pampu inakataa. Je, Q400 ya saa 3 ije au isije? Mtu mwenye haraka atasema isije, gari limebaki moja. Lakini Kiambatisho cha 14 kinaruhusu kushuka daraja moja endapo miendo ya ndege kubwa zaidi haifiki 700 katika miezi 3 mfululizo yenye pilikapilika nyingi. Ndege moja kwa siku, kutua na kuruka, ni miendo 2. Kwa siku 90 ni 180, mbali kabisa na 700. Kwa hiyo daraja la 5 linaweza kutosha, iwapo gari lililobaki lina lita 5,400 na si 4,000, na iwapo kanuni za nchi zinaafiki. Lakini je, lina watu wa zamu waliokamilika? Na je, mchana kuna ndege nyingine ya kukodi ambayo hesabu yake ni tofauti?

Maswali hayo manne yana majibu, ila yamelala sehemu nne. Ujazo wa maji anaujua mkuu wa zimamoto. Miendo ya miezi 3 iko kwenye daftari la mnara. Orodha ya zamu iko kwa ofisa utumishi. Ndege ya kukodi ilipigiwa simu jana jioni, aliyepokea yuko nyumbani. Mfumo wa kusaidia maamuzi unayakusanya kabla pampu haijakataa, ili mkuu wa kiwanja apate jibu kwa dakika 2, atoe tangazo kwa marubani, lile liitwalo NOTAM, na shirika la ndege lijue kabla halijapakia abiria Dar es Salaam. Usipokuwepo, mambo yanakwenda kwa simu, na simu ya nne haipokelewi.

Wazo hilo la kuweka taarifa za wote mahali pamoja ndilo Ulaya walilolipa muundo rasmi wa maamuzi ya pamoja ya kiwanja, na Munich, Ujerumani, ikawa ya kwanza kuukamilisha, mwaka 2007. Zamani kila rubani aliwasha injini akiwa tayari, kisha ndege zinapanga foleni karibu na njia ya kurukia, zinachoma mafuta zikiwa zimesimama. Sasa shirika linatangaza dakika linayotarajia kuondoka maegeshoni, wapakiaji mizigo, wajaza mafuta na mnara wote wanaiona, na injini zinawashwa zamu ikifika. Hakuna aliyenunua ndege mpya wala kujenga njia mpya. Walikubaliana kutofichana saa.

Kwetu kufichana saa kunaonekana kwa macho. Katika kiwanja kimoja nchini, ambacho sitakitaja, nilimsikia bibi akiwauliza watumishi watatu ndege itafika lini. Akapewa saa tatu tofauti, na kila mmoja alimjibu kwa nia njema kabisa. Kila mmoja alikuwa na taarifa yake.

Onyo lina mwenyewe?

Nimesoma na kuuliza juu ya mifumo hii kwa muda, na kila nikirudi nakutana na jambo moja: panapoharibika mara nyingi mashine ilishaona. Tarehe 11 Septemba 2001 mfumo wa kuchuja abiria wa Marekani, CAPPS, uliwachagua kadhaa kati ya watekaji 19. Lakini kanuni ya wakati ule ilisema aliyechaguliwa ashughulikiwe mizigo yake inayowekwa tumboni mwa ndege. Yeye mwenyewe hakutakiwa kupekuliwa zaidi. Wakapanda. Kompyuta ilitoa onyo, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulifanyia jambo lililotakiwa. Kwa hiyo mtu akija kutuuzia mfumo, swali langu la kwanza si usahihi wake. Ni hili: taa nyekundu ikiwaka saa 9 usiku, inamwakia nani, na ana mamlaka gani bila kumpigia mkubwa wake?

Mwenye mamlaka naye anahitaji kipimo, la sivyo ataogopa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha, na Mtwara shule na ofisi zikafungwa. Tarehe 25 kimbunga kikatua Cabo Delgado, sisi tukapata upepo na mvua kidogo. Baada ya hapo nilisikia watu wengi wakisema tulitishwa bure. Hatukutishwa bure. Kama kujikinga kunagharimu 1 na kutojikinga kukija kuharibu kunagharimu 20, inafaa kujikinga mara uwezekano unapozidi 1 kwa 20, yaani asilimia 5. Maana yake ni kwamba mtu anayeamua vizuri kabisa ataonekana amekosea mara nyingi. Kipimo hicho kikiandikwa mapema na kutiwa saini, meneja aliyefunga kiwanja kwa siku isiyo na dhoruba halazimiki kujitetea siku inayofuata, na kwa sababu hiyo atathubutu kufunga tena.

Jambo la mwisho ni bahari. Novemba 6, 2022, ndege aina ya ATR 42 iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi. Gari la zimamoto, la daraja lolote, halielei, na Kiambatisho cha 14 kinataka kiwanja kilicho karibu na maji kiwe na uokoaji wa majini. Mtwara na Kikwetu ya Lindi ni viwanja vya pwani. Mikindani, Shangani na Lindi mjini kuna vikundi vya wavuvi, kuna manahodha wanaojua mkondo wa kusi na wa kaskazi kuliko programu yoyote, na kuna boti zenye injini. Ukurasa wa kwanza wa mfumo, uwe kwenye kompyuta au kwenye daftari la jalada gumu, uwe na safu tano: jina la nahodha, namba yake ya simu, boti inapolala, nani anamwekea mafuta ya akiba, na tarehe ya mwisho namba ile ilipopigwa ikapokelewa.